Maneno Yasiyo na Baba

Nimeacha kazi ya masijala nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Wenzangu walioniandalia chai na keki waliita jambo hili kustaafu, na neno lenyewe limeniganda. Chai ilikwisha saa kumi, nikakabidhi funguo, na sasa mimi ni mstaafu mwenye meno yote. Mliniomba niwaandikie makarani wapya mambo ya kazi. Haya hapa. Vyeo na mishahara nimeviacha. Hivyo mtavijua wenyewe na mtavilalamikia wenyewe. Nitaandika juu ya dawati moja la faharasa, na juu ya mtu aliyenifundisha Kiingereza baada ya chuo kikuu kunipa shahada ya Kiingereza hichohicho.

Niliingia miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, mtaani Jamhuri, na asubuhi natembea kwa miguu kufuata Ngong Road hadi hospitalini kwetu, upande wa Upper Hill, ambao siku hizo ulikuwa bado mlima wa nyumba zenye bustani na mbwa wasiopenda makarani. Masijala ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kitengo cha wagonjwa wa nje, rafu hadi darini, na ngazi moja ambayo kila mtu alidai mwenzake ndiye aliyeivunja.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini yupo atakayesoma haya bila kuijua. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, au akifariki, faili yake huja kwetu. Karani wa faharasa husoma jina la ugonjwa lililoandikwa na daktari, hulinakili kwenye kadi pamoja na namba ya faili, kisha kadi huingia kwenye droo. Daktari akitaka kuwaona wagonjwa wote wa figo wa miaka mitano, kadi ndizo zitakazomwambia waliko. Kadi ikikosewa, mgonjwa huyo ametoweka, hata kama faili yake iko palepale kwenye rafu ikila vumbi.

Karani wa faharasa alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Mombasa, wa miaka arobaini na kitu, kofia nyeupe iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Shule ya Kizungu alisoma miaka minne. Madrasa alisoma kumi. Mimi niliwekwa dawati la pili ili nimsaidie, na asubuhi ya kwanza niliamua kumwonyesha maana ya chuo kikuu. Hadi saa sita nilikuwa nimenakili kadi arobaini. Yeye alikuwa amefanya kumi na mbili.

Alizichukua zangu, akazipitia polepole, akatoa moja.

"Huyu ni dereva wa lori," alisema.

"Ndiyo, imeandikwa kwenye faili."

"Basi, Barasa, umempa dereva wa lori mfuko wa uzazi. Tena umeuvimbisha."

Rosebella, mpiga chapa wetu, aliacha mashine. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi kama mimi, na kwa sababu hiyo hakunihurumia hata kidogo. "Bwana Digrii," alisema, "hiyo lori ilikuwa imebeba nini?"

Daktari alikuwa ameandika 'nephritis', ugonjwa wa figo, kwa mwandiko wa mtu anayekimbia mvua. Mimi nikaona 'metritis', wa mfuko wa uzazi. Bwana Athumani hakunigombeza. Alifungua droo ya chini, akatoa sanduku la viatu lililojaa kadi chakavu, akaliweka mbele yangu.

"Wewe umenakili sura ya neno. Hukulisoma. Hapa hatunakili neno tusilolivunja."

Kwenye kila kadi palikuwa na kipande kimoja cha neno, na nyuma yake maana kwa Kiswahili. 'Nephr': figo. 'Hepat': ini. 'Cardi': moyo. 'Itis': uvimbe wenye moto. 'Algia': maumivu. 'Ectomy': kukata na kutoa kabisa, usitafute tena. Alianza kuzikusanya zamani, alipokuwa tarishi, chini ya karani mmoja Mgoa aliyejifunza Kilatini kanisani na aliyemwachia kamusi isiyo na jalada. Mgoa alimpa vipande, vya Kigiriki na vya Kilatini. Njia ya kuvitumia Bwana Athumani aliitoa madrasani.

"Wewe wasema kitabu, wasema katibu, wasema maktaba," aliniambia. "Hujapata kujiuliza mbona yafanana? Yana shina moja la Kiarabu, nalo ni kuandika. Nilipoona Wagiriki nao wana mashina, nikasema, kumbe hawa ni watu."

Nilikuwa kijana wa kubishia kila kitu, pamoja na saa ya ukutani. Nilibisha. Nilitaka kujua kwa nini 'pneumonia' ianze na herufi ya P isiyosema lolote. Nilisema Waingereza wangekuwa watu wenye busara wangeikata.

"Ile P ni babu," alisema Bwana Athumani. "Ameketi sebuleni, hasemi. Ukimtoa, mgeni akija atajuaje nyumba ni ya nani? Ukiiona P yake na N yake, wajua hapa ni mapafu."

Tangu siku hiyo sijakosea tahajia ya neno hilo, ingawa sikumwambia.

Nilijipatia kamusi yangu katika duka la vitabu vikuukuu mjini, nikaanza kumtafutia makosa. Wakati wa chakula cha mchana tulikaa kwenye benchi la nje, yeye na chapati zake, mimi na ushahidi wangu. Nikamwambia 'malaria' maana yake hewa mbaya, na sote tunajua ni mbu. 'Artery', mshipa, walidhani ni bomba la hewa, na ndani yake kuna damu. 'Muscle', msuli, ni panya mdogo. 'Hysteria', kupandwa na jazba, ni mfuko wa uzazi unaotangatanga mwilini, na mimi nimewahi kuwaona wanaume wakiwa nayo kwenye mkutano wa kisiasa.

"Kwa hiyo, Bwana Athumani, njia yako inanifundisha makosa ya watu waliokufa."

"Yakufundisha jina. Ugonjwa kamwulize daktari."

Nilifikiri nimeshinda. Usiku ule nilikaa macho kwa dada yangu nikifikiri jinsi neno linavyoweza kukumbuka kosa kuliko watu wenyewe, nikajua sikushinda. 'Patient', mgonjwa, ni mwenye kuvumilia. Ndiyo maana tunawakalisha kwenye benchi tangu saa moja. 'Secretary' ni mtunza siri. Hilo Bwana Athumani alimwambia Rosebella kwa heshima kubwa.

"Basi siri zako zote niko nazo," Rosebella alimjibu. "Ujichunge."

Mwaka wangu wa pili kulikuja waraka. Kila karani mwenye dawati lake awe na cheti cha Kiingereza cha makarani. Mtihani una karatasi mbili: ya kwanza msamiati na ufahamu, ya pili barua na insha. Mtu atapewa nafasi mbili. Akianguka zote, atahamishiwa kazi isiyohitaji kuandika, na kwetu kazi hiyo ilikuwa stoo ya mashuka.

Msimamizi wa ofisi aliniita. Alisema kwa kuwa nina shahada, nimfundishe Bwana Athumani. Kisha akaongeza, akitazama dirishani, kwamba akianguka, dawati la faharasa litakuwa langu. Alisema kama mtu anayenipa habari njema. Nakiri zilikuwa habari njema. Nilikuwa nimechoka na dawati la pili, lililokuwa njiani kuelekea chooni.

Niliporudi, Bwana Athumani hakuinua macho kwenye kadi zake.

"Wamekwambia dawati ni lako nikianguka?"

"Wameniambia."

"Vyema. Mwalimu wangu ndiye mrithi wangu. Hata masultani hawakufanya hivi." Akakausha wino. "Jumamosi, baada ya adhuhuri, nyumbani Ngara. Usile, utakula kwetu."

Alikaa ghorofani, juu ya duka la jumla lililouza vitambaa na sufuria, na mlangoni kwake ulisikia wapagazi wakigombana na mikokoteni chini. Mkewe, Bi Zuhura, aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza, kwa sauti iliyonipa shaka kama ananiheshimu. Palikuwa na watoto wanne. Wawili walikuwa wao, na wawili wa ndugu yake Bwana Athumani aliyefariki Mombasa. Niliwatambua upesi wale wa marehemu, kwa sababu hakuna mkono ulioingia kwenye sinia kabla wale wawili hawajawekewa. Hata mgeni alisubiri. Mimi nilikuwa mgeni mwenye njaa, kwa hiyo niliona.

Karatasi ya kwanza haikunipa kazi. Mpe neno lolote refu, atalichinja na kukuonyesha viungo. Tatizo lilikuwa la pili. Nililitambua siku mama yake alipougua, naye akaandika barua ya kuomba ruhusa. Rosebella aliipiga chapa nusu, akaja nayo hadi dawatini pangu akiwa amefunika mdomo. Barua ilisema, 'I supplicate for one diurnal absence, as my maternal parent is afflicted with cephalalgia.' Yaani alikuwa anaomba siku moja kwa sababu mama yake anaumwa na kichwa.

"Bwana Athumani," Rosebella alisema, "hii barua unaandikia msimamizi ama unaandikia Yesu?"

"Kuna kosa?"

"Kosa hakuna. Ndio shida."

Kosa kweli halikuwepo. Kila neno lilikuwa na herufi zake zote, kila moja mahali pake. Lakini hakuna binadamu anayesema hivyo. Jumamosi ile nilimwuliza kwa nini hakuandika 'my mother has a headache'.

"'Has'," alisema. "'Has' ni nini? Nimetafuta kwenye kamusi ya Mgoa, sikuona Mgiriki wala Mlatini. 'Get'? 'Put'? 'Come'? Baba yao nani? Waja tu, wamesimama. Neno nisilojua ukoo wake siwezi kulitia kwenye karatasi ya serikali."

"Lakini Waingereza wenyewe wanayatumia kutwa nzima."

"Wao wana haki. Lugha ni yao. Mimi nikikosea, nani atanisamehe?"

Mnaocheka fikirini: alikuwa mtu aliyefika alipofika kwa kutokosea. Wenye vyeti hukosea wakaitwa wachovu. Yeye akikosea angeitwa asiyesoma. Neno lenye shina alilishika kama mkongojo, na mimi nilikuwa namwambia autupe aruke.

Nilimpa orodha za maneno madogo. Alizikariri na hakuzitumia. Nilimpa magazeti. Aliyasoma akapigia mstari maneno marefu. Akafanya mtihani wa kwanza kwenye jumba moja mjini, na majibu yalipokuja, karatasi ya kwanza alikuwa na alama ambazo mimi nisingepata. Ya pili alianguka. Walimwambia amwandikie rafiki barua ya kumkaribisha nyumbani, naye, alivyonisimulia, alimwandikia rafiki huyo kuhusu 'the termination of your peregrination at my domicile', yaani kikomo cha safari yako nyumbani kwangu.

"Rafiki huyo hatakuja," nilisema.

Hakucheka. "Imebaki nafasi moja," alisema.

Ilibaki miezi minne. Msimamizi alinikuta kwenye ukumbi akaniuliza kama nimeanza kuzijua droo zote. Nilisema nimeanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza.

Jumamosi moja ya miezi hiyo tuliketi kula. Bi Zuhura alileta wali, na kama kawaida wale wawili wakawekewa kwanza. Mtoto mdogo wa Bwana Athumani mwenyewe alinyoosha mkono kabla ya zamu. Baba yake akaushika kwa upole akaurudisha.

"Wana wenye baba husubiri," alisema.

Sikupanga niliyosema. Nilikulia katika misheni, nikaiacha misheni, na dini ya mtu mwingine si mahali pa mimi kuingiza mguu. Lakini mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa.

"Bwana Athumani, hao 'come' na 'get' na 'put' umesema hawana baba."

"Hawana."

"Wala mama."

"Wala mama."

"Basi ni mayatima. Wamekuja mlangoni kwako mwaka mzima, na wewe unawafukuza unawapa chakula watoto wa Kigiriki walioshiba."

Bi Zuhura, aliyekuwa akimimina maji, aliacha kumimina. Nilidhani nimeharibu. Bwana Athumani akala tonge lake, akanawa, akasema somo la leo limetosha. Nikashuka ngazi nikijilaumu hadi Jamhuri.

Jumatatu nilikuta sanduku la pili la viatu juu ya dawati lake. Ubavuni ameandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wake wa mvuto: MAYATIMA. Ndani mlikuwa na kadi nane. Kwa kuwa hazikuwa na shina la kuandika nyuma, aliandika kazi ambazo kila neno linafanya. 'Put': 'put on' shati, 'put out' moto, 'put off' hadi kesho, 'put up with' jirani.

"Nimekaa nayo jana kutwa," alisema. "Neno moja, kazi nne, na sijamaliza. Hawa mayatima wafanya kazi kuliko wana wenye baba."

"Ni kweli."

"Ni haya kwangu, Barasa. Nimewaonea."

Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba maneno hayo yana ukoo wake kama mengine, huko kwenye nchi za baridi za kaskazini, na kwamba tatizo lilikuwa kamusi ya Mgoa tu. Mtu mkweli angesema. Nilifungua mdomo.

"Kama wataka kuniambia wana baba," alisema kabla sijatoa sauti, "niambie baada ya mtihani."

Kadi nane zikawa mia, zikawa mia tatu. Aliyakusanya maneno madogo popote. Aliyachukua kwa wauguzi, kwa mhubiri wa Kiingereza aliyesimama nje ya lango, kwa Rosebella aliyekuwa akimtolea sentensi huku akipiga chapa. "Andika hii: 'I got up, I got dressed, I got the bus, I got here late.' Umeona? 'Got' nne na msimamizi bado atanikata siku." Kila mchana aliniandikia barua fupi, na sheria ilikuwa neno lolote la Kigiriki litolewe nje. Mwanzoni barua zake zilikuwa za mtu anayetembea bila viatu kwenye changarawe. Kufikia mwezi wa tatu aliniandikia jinsi mama yake alivyopona: 'She sat up and asked for tea. I put in too much sugar. She drank it all.' Niliisoma mara mbili. Rosebella aliisoma akaenda kusimama dirishani.

Alifanya mtihani wa pili. Tulisubiri wiki saba. Wiki hizo hakunifundisha neno jipya, bali alinipitisha kwenye droo moja baada ya nyingine, akinionyesha ni daktari yupi huita ugonjwa kwa jina gani la zamani na kadi ipi inaelekeza kwa ipi. Sikuuliza kwa nini. Alikuwa ananikabidhi.

Majibu yaliletwa na msimamizi mwenyewe, bahasha tayari imefunguliwa. Alimpa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeharibiwa mpango mdogo. Bwana Athumani alisoma, akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani. Alikuwa amefaulu zote mbili. Rosebella akapiga kigelegele kimoja, cha ofisini, mkono mbele ya mdomo. Yeye akasema "Alhamdulillahi", akachukua faili iliyokuwa juu, akaendelea hadi saa saba.

Benchini nilimwambia. Ningeweza kunyamaza, lakini nimesema jinsi mdomo wangu ulivyo.

"Ulipoisoma ile barua, kuna sehemu yangu ilisikitika."

"Najua."

"Ulijuaje?"

Alikuwa akikunjua chapati kutoka kwenye gazeti. Akanikatia nusu.

"Mwaka mzima umekuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi umechelewa dakika kumi. Mtu mbaya asingekuja. Mtu asiyelitaka dawati asingechelewa."

Sikubisha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Tulikula, tukarudi ndani, akanisogezea rundo langu la faili, nami nikalipeleka dawati la pili, pale njiani kuelekea chooni, nikaketi hapo miaka sita zaidi.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na somo. Nilikwenda Ngara hata hivyo. Nilifika mapema mno, Bi Zuhura bado hajafungua madirisha, nikasubiri kwenye ngazi.